Kitenzi “take” kwa waongoza watalii na wahudumu wa wageni: asili yake, maana zake na jinsi ya kukitumia

Anayefanya kazi na wageni kati ya Moshi na Arusha hulisikia neno “take” tangu anapompokea mgeni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi siku ya kumrudisha. Mgeni atauliza safari inachukua muda gani. Ataomba apigwe picha, atasema amekunywa dawa zake, atauliza kama duka linapokea dola, na akishapita kambi ya Barafu katika Mlima Kilimanjaro huenda akasema hawezi kuvumilia tena. Kwa Kiswahili hivyo ni vitenzi vitano: chukua, piga, kunywa, pokea, vumilia. Kwa Kiingereza vyote ni “take”. Aliyefundishwa shuleni kwamba “take” ni kuchukua, akaishia hapo, ataelewa sentensi moja kati ya hizo tano.

Kanuni inayobeba mwongozo huu wote ni hii: usiitafsiri “take” kabla hujasikia neno linaloifuata. Maana yake hukamilishwa na jirani yake.

Hatua ya kwanza: sauti na maumbo

Maumbo ni matatu: “take” kwa wakati uliopo, “took” kwa uliopita, na “taken” baada ya “have”, “has”, “had” na katika kauli ya kutendwa. “Take” ni silabi moja, kama “teik”, na k inakatika hapo hapo. Mazoea ya Kiswahili ya kumaliza kila neno kwa irabu hutufanya tuseme “teki”, na mgeni akisikia haraka haraka hudhani umesema “tacky”, yaani kitu cha hovyo. “Took” ina u fupi. Ukiivuta ikawa “tuuk” inasikika vibaya. “Taken” ni “teikn”, silabi ya pili hafifu kabisa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni “I have took”. Sema “I have taken”. “Taked” haipo. Kitenzi hiki kina ndugu wanaobadilika vilevile: “shake, shook, shaken”, na vilivyozaliwa nacho, yaani “mistake”, “overtake” na “undertake”. Ukishika kimoja umeshika vyote.

Jizoeze pia kusikia maneno yakiunganishwa. “Take it” husikika kama neno moja, “teikit”. Mmarekani akisema “take it off” utasikia kitu kama “teikirof”, kwa sababu yeye hulainisha t iliyo kati ya irabu mbili.

Hatua ya pili: kujua neno lilikotoka

Asili inasaidia kwa sababu inaonyesha maana ya kwanza, ile ambayo nyingine zote zimechipuka kwayo.

Zamani sana Waingereza hawakuwa na “take”. Kuchukua waliita “niman”. Ndugu zake bado wapo hai: Mjerumani anasema “nehmen” na Mholanzi “nemen”, na ukiwa na wageni wa nchi hizo utayasikia kila siku. Kisha wakaja Waviking kutoka Skandinavia. Uvamizi wao unaokumbukwa zaidi ni ule wa mwaka 793 kwenye monasteri ya Lindisfarne, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Baadaye hawakuja kupora tu. Walilowea, wakalima na wakaoa, hasa kaskazini na mashariki ya nchi, na kati ya 1016 na 1035 Uingereza ilitawaliwa na mfalme Mdenmaki, Cnut. Lugha zao na za wenyeji zilikuwa jirani kiasi kwamba watu walielewana kwa shida kidogo tu, na maneno yakahama kwa urahisi. Kiingereza kilipokea hata viwakilishi, “they” na “them”, pamoja na maneno ya nyumbani kama “egg”, “knife” na “window”.

Kitenzi chao cha kushika na kutwaa kilikuwa “taka”. Kufanana na kutaka kwetu ni kwa bahati, hakuna undugu. Mtu wa Iceland bado anasema “taka” hadi leo, Mdenmaki “tage”, Mswidi na Mnorwe wamekifupisha kuwa “ta”. Katika maandishi ya Kiingereza kitenzi hiki kinaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 11. Kikaishi na “niman” kwa muda mrefu, kisha kikakisukuma nje. “Niman” ilibaki kama “nim”, neno la mitaani la kuiba, nayo ikapotea.

Lakini iliacha watoto wawili ambao mwongozaji wa mlima anakutana nao. “Nimble” ni mwepesi wa mwili, na mwanzoni ilimaanisha mwepesi wa kudaka. “Numb” ni kufa ganzi, na maana yake ya awali ni “aliyetwaliwa”: kiungo kimeshikwa na kitu, hakina hisia. Kwa hiyo mgeni anayesema “My fingers are numb” kule juu anatumia kitenzi kilekile ambacho “take” ilikifukuza.

Na “mistake”? Ni kutwaa isivyo, kutoka “mistaka” ya Waskandinavia. “Overtake”, kulipita gari la mbele, utaihitaji kila siku katika barabara ya Moshi hadi Arusha. “Undertake” ni kubeba jukumu. Hapa tahadhari moja: “undertaker” ni mtu wa kampuni ya mazishi. Usimtambulishe msimamizi wa safari kwa neno hilo.

Hatua ya tatu: anza mkononi, fuata matawi

Shika maana ya kwanza: mkono unakifikia kitu na kukishika. Kutoka hapo nenda tawi kwa tawi.

Kitu kikiingia mikononi mwangu kwa ridhaa, nimekipokea au nimekikubali. “Do you take dollars?” ni mnapokea dola? “Will you take twenty?” ni utakubali ishirini? Katika Soko la Kimasai pale Arusha sentensi hiyo ya pili ni mwanzo wa kupatana bei, na jibu lake ni kutaja bei yako. “I'll take two” maana yake mteja ameshaamua kununua viwili, kwa hiyo acha kuendelea kumshawishi, mfungie mzigo. Usimwambie mteja “Take it or leave it”. Maneno ni mafupi na rahisi kukariri, ila yanabeba ukali wa “hutaki, basi”.

Kikiingia mwilini, ni kunywa, kumeza au kutumia: “take medicine”, “take a deep breath”. Kikiingia akilini, ni kuelewa au kudhani. “I take it you know the way” maana yake nadhani njia unaijua. Kikipata nafasi, ni kubeba au kukalia: “This car takes seven passengers” ni gari hili linabeba abiria saba, na “Is this seat taken?” ni kiti hiki kina mtu? Kikiwa kizito na bado unakishikilia, ni kuvumilia. Tawi hilo la mwisho ndilo lenye hatari, na lina hatua yake hapa chini.

Hatua ya nne: kutenganisha peleka na leta

Hapa Mswahili ana bahati, kwa kuwa lugha yake imeshamfundisha tofauti. “Take” ni peleka, “bring” ni leta. Angalia mwelekeo: kitu kikiondoka hapa tulipo kwenda kwingine ni “take”, kikija tulipo ni “bring”. “The driver will take you to the airport” ni dereva atakupeleka uwanja wa ndege. “Bring your passport to the office” husemwa na aliye ofisini, aliye hotelini anayekutuma ofisini atasema “Take your passport to the office.”

Pale lugha mbili zinapoachana ni kwenye kitenzi chukua chenye maana ya kubeba. Kijana anayesema “I take your bag” stendi, kwa nia njema kabisa ya kumchukulia mtu begi, anaeleweka kama anayetangaza kwamba anaondoka nalo. Mgeni hulikumbatia begi lake. Sema “Can I carry your bag?” au “Shall I take your bag for you?” Kuuliza, pamoja na “for you”, ndiko kunakoondoa shaka.

Kuelekeza njia nako kunatumia “take”. “Take the second left” ni kata kushoto mara ya pili, “Take Sokoine Road from the Clock Tower” ni fuata barabara ya Sokoine kutoka Mnara wa Saa, na “Take a bus to Moshi” ni panda basi la Moshi. Hakuna kinachobebwa katika sentensi hizo.

Hatua ya tano: muda

Muundo ni huu, na ni bora ukaukariri kama ulivyo: “It takes”, kisha mtu ukitaka kumtaja, kisha muda, kisha “to” na kitenzi. Mfano: “It takes most people six to eight hours to reach Uhuru Peak from Barafu Camp.” Mwingine: “The drive takes about two hours.” Swali lake ni “How long does it take?” Wengi huuliza “How long it takes?” kwa kuwa Kiswahili hakihitaji msaidizi wa swali. Kiingereza kinamhitaji “does”, na “take” hapo haina s.

Kwa jambo la kawaida usitumie “is taking”. “It is taking six hours” humwambia mgeni kwamba leo kuna tatizo, safari inakawia. Likiwa ndilo kusudio, sawa: “It is taking longer today because of the rain.”

Hatari kubwa zaidi ni saa zenyewe. Kwa Kiswahili “saa sita” inaweza kuwa muda wa kutembea, na inaweza kuwa wakati wa kuanza safari ya kileleni. “Inachukua saa sita” ni “It takes six hours.” “Tutaondoka saa sita usiku” ni “We leave at twelve midnight.” Ukiwa umechoka, akili hutafsiri namba badala ya saa, na mgeni anaandika sita kwenye daftari lake kwa mambo yote mawili. Kila unapotaja muda na wakati katika maelezo ya jioni, tumia “hours” kwa muda na “at” pamoja na “midnight”, “a.m.” au “p.m.” kwa wakati. Kisha mwombe mgeni arudie alichosikia.

Hatua ya sita: nomino zinazoandamana na “take”

Mara nyingi “take” haina uzito wowote. Kazi yote inafanywa na nomino. Ni kama piga kwetu: ukipiga simu, picha, pasi au mswaki, hakuna anayepigwa. Kwa hiyo jifunze jozi nzima, usijifunze neno moja moja. “Take a picture” ni piga picha. “Take a shower” ni oga. “Take a seat” ni keti. “Take a break” ni pumzika, na “Take five” ni pumzika dakika tano. “Take part” ni shiriki, “take place” ni fanyika, “take turns” ni pokezana. “Take an exam” ni kufanya mtihani, si kuuchukua nyumbani. “Take your time” ni usiwe na haraka. Hiyo ndiyo pole pole yenyewe, na mlimani inafaa kuliko “go slow”, inayosikika kama amri.

Vipimo navyo viko hapa. Ukitaka kumwekea mgeni kipimo cha oksijeni kidoleni sema “Let me take your oxygen reading.” Mapigo ya moyo ni “take your pulse”, joto ni “take your temperature”. Hakuna kinachoondolewa mwilini, kwa hiyo onyesha kifaa unaposema, hasa kwa mgeni ambaye Kiingereza si lugha yake pia.

Kuhusu chakula. Afrika Mashariki tunasema “take tea”, “take lunch”, “take soda”. Si kosa, ni matumizi ya Kiingereza cha zamani yaliyobaki kwetu, ila wageni wengi wa leo husema “have”: “Shall we have lunch?” Kwa dawa “take” inabaki pale pale, “drink medicine” ni kunywa dawa iliyotafsiriwa neno kwa neno. Kwa sukari na maziwa pia inabaki: “Do you take sugar?” ni unaweka sukari?

Katika daftari, andika jozi upande wa kushoto, kitenzi cha Kiswahili upande wa kulia, na chini yake sentensi moja ya kazini kwako. Jozi bila sentensi husahaulika. Anza na zile unazozisikia wiki hii.

Hatua ya saba: vijineno vya nyuma

Kiswahili hubadili maana ya kitenzi kwa mnyambuliko: lipa, lipia, lipisha. Kiingereza huacha kitenzi kama kilivyo na kukiwekea kijineno nyuma. Ukiviona vijineno hivyo kama viambishi vya nje, hofu inapungua.

“Take off” peke yake ina maana za kutosha kumchosha mwanafunzi. Ndege ikiruka inatake off. Mtu akivua koti, “he takes off his jacket”. “Take a day off” ni kupumzika kazi siku moja, na “Can you take five dollars off?” ni punguza dola tano. “Take down” ni kung'oa hema asubuhi, na pia ni kuandika: “Take down my number.” “Take out” ni kutoa, hata pesa kwenye mashine ya benki. “Take back” ni kurudisha dukani, au kufuta kauli. “We took on twelve porters” ni tuliajiri wapagazi 12. “Take over” ni kupokea zamu. “She takes after her mother” ni amefanana na mama yake.

“Take in” inahitaji masikio makali. “Take in the view” ni kutazama mandhari kwa utulivu. “I was taken in” ni nimetapeliwa. Mgeni akikuambia hayo ya pili baada ya kuzunguka mjini, hasifii matembezi yake. Muulize nani amemuuzia nini.

Kanuni ya mpangilio: nomino inaweza kukaa baada ya kijineno au katikati, “take off your shoes” au “take your shoes off”. Kiwakilishi lazima kikae katikati: “take them off”. “Take off them” ni kosa kila mara. Mkazo wa sauti unaangukia kijineno, hivyo tamka OFF kwa nguvu kuliko “take”. “Take after” haigawanyiki kabisa: “She takes after her.”

Hatua ya nane: sentensi za mlimani zisizopaswa kueleweka vibaya

Uliza kila mgeni kabla ya kuanza kupanda: “Are you taking any medication?” Maana yake ni kuna dawa zozote unazotumia siku hizi? “I'm taking Diamox” haimaanishi anaimeza dawa hiyo ya ugonjwa wa mwinuko sasa hivi. Yumo katika dozi. Ili kujua kama ameimeza leo, badili wakati: “Did you take your tablet this morning?” Diamox huweza kuleta hisia za kuchomachoma kama sindano kwenye vidole, nazo huitwa “tingling”. Akisema “numb”, hiyo ni ganzi kabisa, na baridi inaweza kuwa ndiyo sababu. Mwangalie vidole, usidhani ni dawa.

“I can't take it anymore” haina uhusiano na mzigo. Anayeitafsiri kuwa siwezi kuchukua tena atampokonya begi, kisha waendelee kupanda. Mgeni amesema hawezi kuvumilia. Simama, muulize “What hurts?” na “Can you walk straight?”, kisha mpime. “He can't take the altitude” ni mwinuko umemshinda. “It's taking a lot out of me” ni inanimaliza nguvu, na wageni wanaoona aibu kulalamika huitumia hiyo kwanza kabla ya ile kali. “She's taken a turn for the worse” ni hali yake imebadilika na kuwa mbaya. Ukiisikia kwa mwongozaji mwenzako au kwenye simu ya upepo, chukulia ni dharura.

Upande wako, tumia sentensi fupi zisizo na maana mbili. Epuka “Take it easy” kwa mgonjwa, kwa sababu inasikika kama unadharau maumivu yake. “Take small steps” ni tembea hatua fupi fupi. “Take my arm” ni nishike mkono. Na uamuzi wa kumshusha ukishafanyika, usiuweke kama swali wala ombi. Mwambie kwa sauti ya kawaida, ukimtazama: “We are taking you down now.” Kisha mtajie kambi mnayoshukia na muda wa kufika.